Siku sita, mapito kumi na manne: MX-5 na MR2 kwenye milima ya Alpi

Kumbukumbu hizi zimeunganishwa baada ya kurudi, kutoka kwenye daftari la mafuta, picha za simu, na karatasi moja iliyobandikwa kwenye dashibodi ya kila gari. Kila pito (barabara inayovuka mlima upande wa pili) likivukwa dereva alijaza mambo matatu: gia aliyokaa nayo zaidi, mahali gari lilipomshtua, na kama angerudia. Madereva walikuwa wawili, na funguo zilibadilishana mikono katikati ya kupanda na tena katikati ya kushuka. Ukipanda na gari moja ukashuka na jingine, unachokilinganisha ni mlima, si magari.

Gari la kwanza ni Mazda MX-5 ya kizazi cha pili (NB) ya mwaka 2002: injini ya lita 1.8 mbele, farasi 146, gia tano, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. La pili ni Toyota MR2 ya mwisho mwisho (ZZW30), ya 2004, yenye gia sita. Injini yake ni 1ZZ-FE, ndugu wa ile iliyomo kwenye Premio na Allion za 1.8, ila hapa imelazwa nyuma ya viti, mbele ya ekseli ya nyuma. Farasi 140, uzito usiofika tani moja kwa vipimo vya kiwandani. MX-5 inaizidi karibu kilo mia. Yote mawili ni ya kukodi, usukani kushoto, paa la turubai la kufungua kwa mkono. Kwa aliyezoea usukani wa kulia, gia kwa mkono wa kulia huzoeleka ndani ya saa moja. Kinachochelewa ni macho: kwa siku mbili nzima gari huelemea kulia, kwenye ukingo wa barabara.

Siku ya 1, Jumatatu. Zürich – Chur – Julier – Silvaplana, km 190

Barabara kuu hadi Chur haina la kusimulia, ila MX-5 ya gia tano hupiga kelele sana kwenye 120, mshale ukikaribia 4,000. Masikio yapumzike, paa lifungwe.

*Kwa anayefuata:* barabara kuu za Uswisi zinahitaji stika ya ushuru, faranga 40 kwa mwaka, na hakuna ya siku moja. Siku hizi unaweza kuilipia mtandaoni ikafungwa kwenye namba ya gari. Gari la kukodi likitoka humo humo Uswisi kwa kawaida huwa nayo tayari. Angalia kioo cha mbele au uliza kabla ya kulipa mara mbili. Taa za mbele ziwake mchana kutwa, ndiyo sheria.

Kabla ya kuondoka Chur, upepo wa tairi ulipimwa zikiwa baridi. MX-5: baa 1.8 pande zote. MR2: 1.8 mbele, 2.2 nyuma. Tofauti hiyo ya MR2 si mapambo. Tairi zake za nyuma ni pana kuliko za mbele, na zimebeba uzito mkubwa wa gari. Ukijaza sawa mbele na nyuma kwa mazoea ya kituo cha mafuta, umeivuruga kabla hujaanza. Gari hili lilikabidhiwa likiwa na 2.4 mbele na 2.0 nyuma, yaani kinyume kabisa.

Pito la Julier (mita 2,284 juu ya bahari) ni pana, lami nzuri, kona unazoziona zote kabla hujazifikia. Hapa MR2 ilitamba. Umbali kati ya ekseli zake ni milimita 2,450, na wa MX-5 ni 2,265. Kwenye kona ndefu za gia ya tatu, MR2 inakaa kama imeshikwa na uzi, wakati MX-5 inalala kwanza, inafikiri, halafu ndiyo inashika. Toka kwenye kona ukanyage akseleta: uzito wa injini uko juu ya magurudumu yanayosukuma, hakuna hata moja linalopepesuka.

Juu kabisa kuna vipande viwili vya nguzo za Kirumi, kimoja kila upande wa barabara. Upepo ni wa kukata. Wote waliosimama walipiga picha moja na kukimbilia ndani ya magari.

Jambo la kutegemea kuanzia hapa: injini zisizo na turbo hupoteza karibu asilimia moja ya nguvu kila unapopanda mita 100, maana hewa inapungua. Juu ya Julier farasi 146 wamebaki kama 116. Gari halijaharibika na mafuta si mabaya. Shusha gia moja, usihangaike.

Usiku Silvaplana: supu ya shayiri yenye vipande vya nyama ya kukaushwa, bakuli moja na mkate linatosha mtu. Mama mwenye nyumba ya wageni alitazama wingu la upande wa Maloja, akasema mvua ya mawe inakuja, akahamisha trekta lake kutoka ghalani ili magari mawili ya turubai yalale ndani. Mawe yalianza saa tano usiku.

Siku ya 2, Jumanne. Bernina – Forcola – Livigno – Foscagno – Bormio, km 100

Bernina (2,328) inapandwa pamoja na reli. Treni nyekundu inakwenda sambamba na barabara, na abiria walipunga mikono kwa magari yaliyofunguka paa. Baada ya kilele, kata kushoto pale La Motta uingie Forcola di Livigno (2,315), na hapo umeingia Italia.

Livigno ni eneo lisilotozwa baadhi ya kodi, hivyo mafuta ni rahisi kwa tofauti inayoonekana. Matenki yote mawili ni ya lita 48: fika yakiwa robo, ondoka yamejaa. Mbele, juu ya Foscagno, kuna kituo cha forodha cha kukagua waliobeba pombe na sigara kupita kiasi. Foleni ilikula dakika 25. Askari alifungua buti la MX-5, akakuta tairi la akiba, betri na mabegi mawili laini, akalifunga. Kwenye MR2 aliuliza buti liko wapi. Halipo: kuna kasha la kufungika nyuma ya viti, na kishimo kidogo chini ya boneti ya mbele, kando ya tairi la akiba. Alicheka, akapungia gari lipite.

*Mizigo:* mabegi laini tu, yasiyo na magurudumu. MR2 humeza begi moja la nguo na koti kwa kila mtu. Kwa MX-5, kumbuka betri imo ndani ya buti na ina vibomba vya kutolea gesi nje. Usisukume begi juu yake ukaving'oa.

Kati ya Livigno na Bormio kuna mapito mawili mafupi, Eira (2,208) na Foscagno (2,291), na lami yake ina viraka. Hapo matokeo ya Julier yaligeuka. MX-5 ina mikono miwili ya suspensheni kwa kila gurudumu, mbele na nyuma. Kiraka kikija katikati ya kona, gurudumu linapanda na kushuka huku tairi likiendelea kukanyaga bapa. MR2 imewekewa shokapu za aina ya strati pande zote. Inaruka. Si sana, na si kwa hatari ukienda kwa mwendo wa kawaida, ila kila mruko unafika mikononi na unakufanya upunguze akseleta, na kupunguza akseleta katikati ya kona ndilo jambo MR2 isilolipenda kuliko yote. Uzito unahamia mbele, nyuma inakuwa nyepesi ghafla, na ile injini iliyokuwa inakusaidia inaanza kutaka kutangulia. Karatasi ya MR2, safu ya "ilinishtua wapi", ina mistari miwili kwa Foscagno peke yake. Ya MX-5 haina kitu.

Bormio chakula kilikuwa pizzoccheri, tambi nyeusi za unga wa buckwheat zenye kabichi, viazi na jibini. Sahani moja kwa watu wawili, hasa kama kesho kuna kona zaidi ya mia.

Siku ya 3, Jumatano. Stelvio mara mbili, Umbrail, Ofen, Zernez, km 120

Kuondoka ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi. Stelvio baada ya saa nne ni msongamano wa pikipiki, baiskeli na magari ya kambi yanayokatiza kona kwa hatua tatu. Epuka pia Jumamosi na Jumapili.

Pito hili lina urefu wa mita 2,757 juu ya bahari. Lilijengwa kati ya 1820 na 1825 enzi za milki ya Austria, chini ya mhandisi Carlo Donegani, na michoro ile ya magari ya farasi ndiyo unayoiendesha leo. Upande wa Prato kuna kona za U 48, kila moja na kibao chake. Namba 48 iko chini na namba 1 iko juu.

Kupanda kutoka Bormio hakukuwa na shida. Kushuka kwenda Prato ndiko kulikoharibika. Kufikia kona kama ya 20, kanyagio la breki la MX-5 lilianza kwenda chini kuliko kawaida. Kona mbili baadaye lilikuwa laini kama sifongo, na mara moja likagusa karibu sakafu. Pedi zilikuwa nene, diski nzima. Gari lilitiwa gia ya kwanza, likateremka polepole hadi penye nafasi ya kuegesha, likawekwa kwenye gia na jiwe mbele ya tairi. Hendibreki haikuvutwa: diski zikiwa za moto namna hiyo, pedi zilizobanwa mahali pamoja huacha joto lisilo sawa, na kisha breki hutetemeka.

Kilichotokea ni mafuta ya breki kuchemka. DOT 4 (daraja la mafuta ya breki) mpya haichemki chini ya nyuzi 230, lakini mafuta haya hunyonya unyevu wa hewani. Yakishanyonya maji ya kutosha, kiwango cha chini cha kuchemka kinachotakiwa hushuka hadi nyuzi 155 tu. Ukifika hapo, viputo vya mvuke vinajitokeza ndani ya mabomba, na mvuke unabanika. Unakanyaga hewa badala ya kukanyaga breki. Yalipofunguliwa, mafuta kwenye kikopo cha breki chini ya boneti yalikuwa na rangi ya chai ya rangi. Mafuta mazima ni kama asali nyepesi. Tarehe ya mwisho ya kuyabadilisha haikuandikwa popote kwenye kitabu cha gari.

Baada ya dakika 40 kanyagio lilirudi juu, gari likashuka kwa gia ya kwanza na ya pili hadi Trafoi. Pale mzee mmoja aliyekuwa anarekebisha pikipiki ya mjukuu wake nje ya banda aliona mwendo ule na kunusa harufu. Hakukuwa na lugha ya pamoja. Alionyesha kikopo cha breki, akatikisa kichwa, akaingia bandani akatoka na chupa ya lita moja ya DOT 4 ambayo haijafunguliwa, mpira mwembamba unaoonyesha ndani, na chupa tupu ya maji.

Kazi yenyewe, kwa atakayekwama:

Nyonya mafuta ya zamani kwenye kikopo kwa bomba la sindano, jaza mapya. Anza na gurudumu lililo mbali zaidi na kikopo. Kwa gari la usukani kushoto ni nyuma kulia, kisha nyuma kushoto, mbele kulia, mwisho mbele kushoto. Vika mpira kwenye nipo ya kupumulia (skrubu yenye tundu ya kutolea mafuta, kwenye breki ya gurudumu), ncha nyingine izame kwenye mafuta kidogo ndani ya chupa. Mmoja anakanyaga na kushikilia. Mwingine anafungua nipo robo zungusho, kanyagio linashuka, anafunga, ndipo anayekanyaga anaachia. Ukiachia kabla haijafungwa, umevuta hewa ndani na umerudi mwanzo. Rudia mpaka yatoke masafi bila viputo, na kila mikanyago sita au saba uangalie kikopo kisikauke. Mzee aliendesha kazi yote kwa kidole: kikinyooka, kanyaga, kikikunjwa, shikilia. Ilitumika nusu lita na zaidi kidogo, saa moja na robo. Pesa alikataa. Alikubali kukaa kwenye kiti cha MR2, kushika usukani, na kupigwa picha.

*Kwa anayefuata:* kabla ya kukodi gari la zamani la kupeleka milimani, fungua kifuniko cha breki uangalie rangi. Ikiwa nyeusi, dai yabadilishwe au chukua gari jingine. Na kushuka tumia gia ile ile ambayo ungepandia. Breki iwe ya kukanyaga kwa nguvu, muda mfupi, kisha uachie zipoe, si kuikalia kilomita nzima.

Kurudi juu kutoka Prato ndiko kulikokuwa kipimo halisi. Mita zaidi ya 1,800 za kupanda ndani ya kilomita 25. Chukua kona moja tu, ya upande wa juu, inayogeuka kulia. Ni nyembamba kiasi kwamba ndani yake barabara inasimama kama ngazi. Ukiingia na gia ya pili, mshale unaanguka chini ya 2,000 na injini, iliyokwisha poteza karibu robo ya nguvu, inakohoa. Inabidi gia ya kwanza. Kwenye MX-5, mkono unasukuma gia mara moja: fimbo imekaa moja kwa moja juu ya gia boksi, safari yake ni fupi kama ya kuwasha swichi. Piga akseleta kidogo klachi ikiwa chini, mizunguko ipande, gia inaingia bila kelele. Kisha geuza, kanyaga, na gurudumu la nyuma la ndani, lililonyanyuliwa na mwinuko, linapepesuka na kupiga yowe. Mkia unasogea nje kidogo, kwa upole, na ulijua utasogea kabla haujasogea.

Kona hiyo hiyo na MR2: gia inapita kwenye nyaya ndefu hadi nyuma, kwa hiyo mkono unahisi mpira kidogo, na kuingiza ya kwanza kunataka subira. Ila ukishaingia, hakuna yowe. Gari linashika na kuondoka. Kwa saa ya mkononi MR2 ilikuwa mbele kila kona. Kwa furaha, karatasi zote mbili za Stelvio zinasema MX-5.

Upande huo juu ya kilele usipunguze upepo wa tairi. Kipimo kitasoma juu kuliko asubuhi kwa sababu hewa ya nje imepungua mkandamizo. Tairi ni lile lile. Ukiutoa pale, ukifika bondeni una tairi laini.

Soseji ya mkate kwenye kibanda cha juu, kisha Umbrail (2,501), pito la lami la juu kuliko yote Uswisi. Kipande chake cha mwisho cha changarawe kilitiwa lami mwaka 2015. Ofen (2,149) lilipitwa jioni, msitu mtupu, bila tukio.

Siku ya 4, Alhamisi. Flüela – Chur – Oberalp – Andermatt, km 190, mvua

Flüela (2,383) ilikuwa ukungu. Kilichoonekana ni taa za nyuma za gari la mbele. Davos hadi Chur na Disentis: barabara, mvua, mafuta.

Oberalp (2,044) ndiyo iliyofundisha. Kwenye maji, MR2 ina tabia ambayo haipo kwenye kavu: pua inakimbilia nje. Mbele ni nyepesi na tairi zake ni nyembamba, 185. Unageuza usukani kuingia kwenye kona ya U, gari linaendelea mbele kana kwamba halijaambiwa. Kosa la kawaida ni kuongeza usukani. Usiongeze. Dawa ni kuingia na breki: anza kuachia kanyagio pole pole wakati tayari unageuza, ili uzito ubaki juu ya tairi za mbele hadi pua ielekee unakotaka. Ndipo uachie kabisa, usubiri nusu sekunde, na ukanyage akseleta taratibu. Ile nusu sekunde ndiyo MR2 yenyewe. Ukiikosa kwa kuwahi, pua inatoka. Ukiikosa kwa kuachia ghafla, mkia unakuja.

MX-5 kwenye mvua ile ile ilihitaji jambo moja tu, kuwa mpole na akseleta kwenye gia ya pili. Inateleza mapema, kwa mwendo mdogo, na inakuambia kupitia makalio kabla ya kukuambia kupitia macho.

Juu ya Oberalp kuna mnara wa taa mwekundu, mfano wa ule wa mdomo wa mto Rhine, kwa kuwa mto huo unaanzia jirani. Mwendesha baiskeli aliyelowa chapa alikuwa amejificha chini ya mnara. Alipewa chai ya chupa, naye akatoa habari iliyokuwa na thamani zaidi: mawe madogo yamemwagika kona ya tatu ya kushuka upande wa Andermatt. Yalikuwepo kweli, njia yetu nzima.

Siku ya 5, Ijumaa. Susten – Grimsel – Furka, km 120

Mzunguko huu ukianzia na kuishia Andermatt ndio siku ambayo mtu mwenye siku moja tu aichague. Kwa kawaida mapito haya matatu hufunguliwa kuanzia Juni na kufungwa theluji ikirudi Oktoba au Novemba. Angalia hali yake asubuhi hiyo hiyo.

Susten (2,224) ilijengwa kati ya 1938 na 1945, wakati magari yalikuwepo tayari, na tofauti na Stelvio inaonekana mara moja: kona zimepimwa kwa gurudumu, si kwa kwato. Radiasi inabaki ile ile mwanzo hadi mwisho wa kona, kwa hiyo usukani ukishauweka unauacha. MR2 ilikuwa nyumbani, paa wazi, 1ZZ ikivuma nyuma ya shingo. Injini hii kwenye Premio ni ya kwenda sokoni. Hapa, ikiwa na gari la kilo mia tisa na kitu la kubeba, inavuta vizuri kuanzia 3,000 na haitaki kukamuliwa. Kuanzia 6,500 imeisha. Ya MX-5 ni kinyume: chini imelala, juu ya 5,000 inaamka, na inafurahi hadi 7,000. Yule anayependa kubadili gia kwa ajili ya kubadili gia atajua amuone nani.

*Ukitaka kununua, si kukodi:* 1ZZ za miaka ya mwanzo, kabla ya pistoni kubadilishwa, zinajulikana kwa kunywa oili, na katalisti ndogo (za kusafisha moshi) zilizo ndani ya manifoldi ya ekzosi huweza kuvunjika na vumbi lake kurudi ndani ya injini. Vuta kijiti cha oili injini ikiwa baridi, na uliza kama katalisti zile zimeshatolewa au manifoldi kubadilishwa. Kwa MX-5 piga magoti: kutu iko kwenye vizingiti vya chini ya milango mbele ya gurudumu la nyuma, na kwenye mihimili ya mbele chini ya boneti. Injini yake ni ngumu. Bodi ndiyo inayoua gari.

Grimsel (2,164) ina mabwawa na kona za kasi, ilipitwa haraka. Furka (2,429) ndiyo iliyotulia. Upande wa mashariki ni nyembamba, hakuna mstari katikati, na ukingo umewekwa mawe ya kusimama badala ya reli. Basi la manjano la posta lilisikika kabla ya kuonekana, honi ya sauti tatu kutoka nyuma ya mwamba. Kwenye barabara zenye kibao cha honi hiyo, dereva wa basi akikuonyesha pa kwenda, unakwenda. MX-5 ilirudi nyuma mita 30, kwa urahisi, kioo cha nyuma kikiwa wazi. MR2 kurudi nyuma na paa limefungwa ni kazi ya kubahatisha. Mabega ya bodi yanafunika yote unayotaka kuona.

Hapa mwendo haukuzidi 50. Kwa mwendo huo MR2 inangoja. Uwezo wake uko juu zaidi ya pale sheria na mawe yanaporuhusu. MX-5 kwa 50 ina shughuli tayari: inalala, inapiga kelele, gia ya pili, ya tatu, ya pili. Kwa barabara za umma, hicho ndicho kilichokuwa kikitafutwa. Dereva aliyekuwa akiitetea MR2 tangu Jumatatu aliandika kwenye karatasi ya Furka "sawa, basi", bila maelezo.

Siku ya 6, Jumamosi. Gotthard kupitia Tremola, kisha Zürich, km 170

Barabara ya zamani ya Tremola upande wa Airolo ina kona 24 za mawe ya matale yaliyopangwa kwa mkono. Shuka kwanza hadi Airolo kwa barabara mpya, upande nayo, si kushuka nayo. Upepo upunguzwe? Hapana. Mwendo ndio upunguzwe. Fremu ya kioo cha mbele ya MX-5 ilitetemeka na usukani pamoja nayo, kwa kuwa mwili wa gari lililokatwa paa unajikunja. MR2 ilibaki kipande kimoja, ikigonga mawe bila kulalamika. Karatasi ya Tremola ni ya MR2, ya tatu baada ya Julier na Susten.

Kurudi kaskazini kulikuwa kwa handaki la Gotthard, kilomita 16.9, lililofunguliwa 1980. Halina malipo zaidi ya stika ile ile. Foleni ya Jumamosi mlangoni: saa moja na dakika kumi, paa limefungwa, feni inawaka.

Daftari la mafuta lilifungwa kwa kilomita kama 890. MX-5 ilikunywa wastani wa lita 9.1 kwa kilomita 100, MR2 lita 8.0. Oili: MX-5 haikushuka kijitini, MR2 iliongezwa kama kikombe kimoja. Nati za magurudumu zilikazwa upya kwa spana ya kipimo, Nm 103 kwa MR2 na 110 kwa MX-5, na mbili za nyuma za MX-5 zilizunguka kidogo.

DOT 4 iliyobaki haikurudi na mtu, chupa iliyofunguliwa haitunziki. Kwenye kifuniko cha kikopo cha MX-5 ilibandikwa tepu nyeupe yenye tarehe ya Jumatano, neno "breki", na jina la kijiji cha Trafoi.